Manjano Hayaogopi Sabuni

Mwezi wa nne tangu Mize azikwe
ndipo nilipoiuliza nyumba yangu mwenyewe:
unga unakaa wapi?
Miaka thelathini na moja nimekula humu,
sikujua kibao cha kusukumia
kinaning'inia nyuma ya mlango.

Nilitaka mkate mmoja tu,
ule wa Bi Kesar, jirani yetu hapa Wete,
aliokuwa akitupitishia dirishani Jumapili
umekunjwa mara nne kwenye kitambaa:
wa manjano, una majani ya uwatu,
una uchungu kidogo
ambao ulimi huugundua ukishameza.
Mize aliujua. Alifundishwa kwa mkono,
na kwa maneno haya tu:
"Tia mpaka unga uone haya."
Hiyo ndiyo hesabu niliyorithi.
Bi Kesar kahamia kwa mwanawe, Mwanza. Simu haishiki.

Siku ya kwanza nilitia vijiko vitatu.
Mkate ukanuka dawa ya kidonda.
Paka aliunusa, akanitazama,
akaenda kwa watu.
Siku ya pili nikatia punje; unga haukuona haya wala soni.
Ya tatu nikaacha ya pakiti,
nikanunua mizizi mibichi na udongo wake,
nikaiparua, nikaitwanga.
Loo! Ndani ya kile kizizi
kilichokunjamana kama kidole cha mgonjwa
mlikuwa na kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Na mviringo? Mviringo ulinikataa.
Mmoja ulifanana na Pemba yenyewe,
Kojani huku, Makoongwe kule,
na tundu pale ambapo ingekuwa Chake.
Nikaila Pemba yote kwa chai ya mkandaa.

Kisha vidole.
Ijumaa, tulipoinua mikono kuomba dua,
Makame Hamadi aliona kucha zangu.
Akanisubiri penye viatu:
"Yakhe, umeoa kimya kimya?
Nani kakusinga?"
Watu wakacheka, nami nikacheka,
mikono mifukoni kama mwizi wa kuku.
Maana kwetu manjano hayaji mwilini bure:
ni ya mwari, husagwa na liwa juu ya jiwe,
ni ya fungate, ni ya ngozi inayongojewa.
Mimi nilikuwa na mkate ulioungua.

Jumatatu nililichafua shati jeupe.
Nikalisugua kwa sabuni ya mche,
doa likageuka jekundu!
Jekundu la tambuu iliyotemwa.
Nikampigia binti yetu Zuwena, Unguja.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Baba, manjano hayaogopi sabuni.
Yanaogopa jua. Suuza, anika, sahau.
Mama hakukwambia?"

Hakuniambia.
Nikalianika saa nne. Alasiri doa limeondoka
kama mgeni aliyeona wenyeji wanasinzia.

Usiku ule nikafungua kasha lake.
Chini kabisa, chini ya kanga ambazo hazijakatwa,
shuka la harusi yetu,
na kwenye pindo lake kiganja cha manjano,
kizima, vidole vitano,
sijui chake, sijui changu.
Miaka yote hiyo gizani, na rangi kali kama ya juzi.
Kumbe alijua.
Kila Jumamosi alianika kila nguo ya nyumba hii
isipokuwa hilo.

Nimelikunja. Nimelirudisha.

Mkate wa kumi na mbili umevimba juu ya chuma,
ukapumua, ukatulia.
Si duara. Uchungu upo, kidogo, pale mwisho.
Nimeukunja mara nne kwenye kitambaa,
nimesimama kwenye dirisha la kwa Bi Kesar
ambako sasa anakaa kijana fundi wa simu,
hata jina simjui.

Nagonga.